Dawa ya Kulainisha

Alhamisi, Agosti 1978. Wodini, Busia.

Sikutaka dawa ifanye kazi. Asubuhi sista alinipaka ndani kitu kizito, baridi, kama mafuta ya kujipaka, akasema kitalainisha mlango wa uzazi ili uchungu uanze. Niliitikia tu. Mtoto wangu aliacha kucheza Jumapili, na daktari amesema amekufa. Lakini bado niko naye.

Mchana mama mkwe alifika kutoka Moding na uji, anacheka. "Mjukuu wangu amekataa kutoka?"

Kumbe Emase, mume wangu, hakuwa amemwambia. Emase, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, akageukia dirisha. Nilimkasirikia, na hadi sasa nimekasirika.

Nikasema mwenyewe, "Mama, mtoto alikufa tumboni."

Aliweka uji chini, akavua viatu, akapanda kitandani nyuma yangu.

"Basi nitakushika mgongo," akasema. "Huyu pia lazima azaliwe."

Sasa uchungu umeanza, bado kwa mbali. Kila ukija ananisugua kiuno, ananiambia nitulie, utapita.

Ndicho ninachoogopa. Ukipita, nitabaki peke yangu.