Mgonjwa Asiyefika Dukani

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanangu wawili. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimepungua na mkubwa ameacha kula sabuni. Mimi nipo, napumua, kazi naifanya. Barua hii nimempa jirani anayepita huko kwa sababu simu yako hupokelewa na nyumba nzima, na haya si maneno ya sebuleni.

Dukani kwa Mama Mizizi bado tunauza ile tiba ya kale ya Wahindi, Ayurveda. Wateja wengi ni wasichana. Huyu nywele zinakatika, yule chunusi zimemjaa kidevuni, mwingine ananiinamia sikioni kusema anawashwa pale pasipotajwa. Mama Mizizi hampi mtu hata kijiko cha unga kabla hajamshika mkono akasikiliza mapigo, akamtazama ulimi, akamuuliza anakula nini na analala saa ngapi. Ndipo anasema joto la mwili limepanda, au tumbo limezubaa. Mimi nasaga uwatu, nachemsha mafuta ya nywele, nafungasha manjano ya uso. Msichana akisitasita, naitwa katikati ya duka na anaambiwa amtazame huyu, nywele na ngozi yake ndiyo ushahidi. Wameniita Kioo, na jina limeganda.

Ila yupo mgonjwa mmoja ambaye hajawahi kufika. Dada yake humsemea. Mama Mizizi alikataa kumtibu mtu ambaye hajamshika mkono, akabembelezwa mpaka akalegea. Zilianza nywele kutoka mafungu kwa mafungu, akapewa mafuta. Zikaja chunusi na weusi shingoni, akapewa manjano na mwarobaini. Kisha siku zake zikapotea, zikarudi vibaya. Juzi dada mtu akasema damu sasa inatoka hata siku zisizo zake, na tumbo chini ya kitovu linauma mpaka binti hawezi kusimama wima.

Mama Mizizi akaweka mchi chini.

"Hii si ya unga tena," alisema. "Huyu mtoto akapimwe hospitali."

Kila siku huwatania wateja kwamba mficha uchi hazai, lakini safari hii hakutania. Dada mtu akajitetea kwamba binti ni mwoga na anaishi mbali. Akajibiwa kwamba basi Jumamosi duka litafungwa, na yeye Mama Mizizi atamfuata huko huko aliko na kumpeleka mwenyewe.

Mdogo wangu, mgonjwa huyo ni wewe. Hapa dukani unaumwa tangu mwaka jana. Mwenzangu wa dukani anakuombea, na dada anayetufanyia usafi amewahi kulia kwa ajili yako, nawe u buheri wa afya. Nisamehe.

Mwenye maradhi ni mimi. Nywele wanazoonyeshwa wateja ni wigi, na uso ni poda. Wapo wasichana walioacha mikorogo kwa kunitazama mimi; ningewaambia nini? Halafu naogopa. Naogopa kuambiwa sitazaa, naogopa kuambiwa ni kibaya kuliko hicho, hadi nikikaribia hospitali navuka barabara. Kila nikitaka kumwambia ukweli Mama Mizizi, mdomo unafunguka na linatoka jina lako. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mno.

Nilipokaa kuandika nilitaka nikuombe Jumamosi ujilaze, ujifunike gubigubi, umpe mkono wako aushike. Lakini atakuta mapigo ya mtu mzima wa afya, atafurahi, na mimi nitarudi nyumbani na damu yangu. Kwa hiyo usilale. Mpikie chai, umkaribishe vizuri. Nitakuwa naye, maana yeye hajui kwako. Nikikukonyeza, usinitazame. Nikianza kusema umepata nafuu, nikatize.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu, na barua hii uichane ukishaisoma.

Akikuuliza mgonjwa yuko wapi, mwambie ndiye huyo aliyemshikia mkoba. Mimi sitaweza kusema.

Ni mimi,
dada yako