Maharagwe ya Mbegu

Kaka Emery wa Kamukuzi, Mbarara,

Huku kambini Nakivale Mama ni muzima, mbuzi amezaa. Mvua imerudi baada ya misimu miwili ya jua. Tukafungua bidoni ya mbegu, yale maharagwe tuliyochanganya na majivu wadudu wasiyale. Mulibaki majivu tu.

Mama akasema, “Ni panya!”

Panya gani anafunga kifuniko, kaka?

Siku ulipoenda Mbarara nilikubebea mufuko. Ulisema ni vitabu. Nilisikia punje zikigongana ndani, nikanyamaza.

Mwalimu anasema jua hili limeletwa na moshi wa viwanda vya mbali. Wenye viwanda siwajui. Wewe nakujua.

Majirani wanapanda. Usipokuja na mbegu kabla ya Jumapili, nitamwambia Mama.

Mdogo wako,
Sonia