Kitabu Ulichokiacha Nusu

Baba Chola mpendwa,

Usinikasirikie kwa kukawia. Karatasi hii nimeishika mara ine tangu mvua ianze, na kila mara Mwewa analilia kunyonya, ao mimi mwenyewe nasinzia nimekaa. Leo siwezi kungoja. Dereva wa lori la samaki yuko mlangoni, na atarudi huku kisha siku ine.

Unakumbuka ulivyotusomea kile kitabu cha Kifaransa? Sisi wanawake tunapasua samaki, wewe unageuza kila mustari kuwa Kiswahili. Kitabu cha zamani, cha kuhadithia watu wa kesho: sanduku linalosema, ndege ya chuma, miji mwezini. Mama mumoja jirani yetu, Bana Mulenga, akakuuliza, "We Baba Chola, huko mwezini kuna samaki, ao watakula vumbi?" Ukajibu, "Watakula maneno yako, Mama, hayaishi." Nilicheka mpaka kisu kikanikata kidole.

Halafu ukafika pale kitabuni waganga wanachanja kila mutoto mukono, na mwenye alama anasahau mama yake, anatumika bila kuuliza. Hapo kazi ya migodi ya Kolwezi ikakuita. Ukaondoka na kitabu, sisi tukabaki na hofu ya alama ile.

Mwezini hakuna mutu hata leo. Lakini sanduku linasema pale dukani, ndiyo redio, na ndege tumeiona juu ya ziwa. Mama yako, aliyekusikiliza pamoja nasi, anashika hayo mawili tu. Kwake yeye, kitabu hakikutunga, kilileta habari.

Juma lililopita muganga wa hospitali alikuja kuchanja watoto, kwa sababu ya ndui. Mwewa alichanjwa. Nilipogeuka, Chola hayuko. Mama yako alikuwa amemupandisha mashua, wamekwenda kambi ya wavuvi ya Chisenga. Nikawafuata. Mutoto akafichwa, nikasikia tu akikohoa nyuma ya ukuta wa matete. Mama yako akasema, "Bwana yako ndiye alisoma. Aseme yeye." Jana wauza samaki wamesema ndui imeingia Chisenga.

Simuchukii mama. Anamupenda Chola kuliko pumzi yake. Na wewe sikulaumu kwa kusoma, vile vilikuwa vicheko vyetu. Nakulaumu kwa kutuacha katikati. Siku ya kuondoka uliniambia kitabu ni uongo mutamu. Mbona uliniambia mimi peke yangu?

Sukari na kitambaa uache kwanza. Kwa lori hilihili nahitaji hivi: barua kwa mama yako, mukono wako mwenyewe, useme ile ni hadithi ya kutungwa. Mwisho wa kitabu, hata mistari kumi. Kama ni mubaya, uandike mubaya, usimudanganye. Na umuambie kwamba kazini walikuchanja, alama unayo. Chini yake uweke jambo moja la utoto wako ambalo mimi silijui, yeye tu analijua, asije akasema barua nimeitunga mimi.

Mama wa watoto wako