Njoo Bibi Akumeze

Ijumaa, 6 Juni 2025

Bango la filamu limebandikwa leo ukutani mwa duka la dawa, karibu na kibanda chetu cha cherehani hapa mjini, Mafiga. BIBI WA UKUNGU. Chini yake namba nyekundu – 18+. Shamsia, tunayeshona naye, kaniuliza kama ni picha za uchi. Nikamwambia hapana, ni ya kutisha, ya majini na wachawi, wanaogopa watoto wasije wakakojoa kitandani. Akasema basi wangeandika hivyo.

Stambuli mwenyewe kaleta kadi za mwaliko. Ndiye aliyeitengeneza. Siku hizi ana ndevu na miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. Nguo zote za wachezaji nilishona mimi, mwaka jana, walipokuwa wanapiga picha huko kwetu Mgeta. Jina langu litatokea mwishoni, kanihakikishia. Nikamwambia lisipotokea nitamnyoa hizo ndevu kwa mkasi wa kukatia vitambaa. Kacheka. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani, kwa hiyo hakuna wa kumkasirikia mwenzake. Ndivyo tulivyokuta.

Jumatano, 11 Juni

Trela imeingia kwenye simu za watu. Ukungu wa kwetu. Njia ya kwetu inayopanda kwenye mabustani ya kabichi. Kisha mgongo wa bibi mmoja, jembe begani, anapotea kwenye ukungu. Kaniki ile naijua. Ni ya mama.

Naikumbuka siku yenyewe. Stambuli aliingia kwa mama bila hodi, kama mtani anavyoingia. Akachukua kaniki kwenye kamba na kiko dirishani. Haya yangu, akasema. Mama akamjibu: chukua mtani, chukua na chawa wake. Tukacheka. Mtani akishachukua hanyang'anywi. Halafu akakaa jikoni kwa mama mpaka jioni, anamtazama tu – anavyochuchumaa, anavyosema, anavyotemea mbegu mate kabla ya kuzipanda ili ziote vizuri. Mama alijua anaigwa na alifurahi. Kwenye matanga ya baba ni huyu huyu Stambuli aliyevaa koti la marehemu na kuiga kikohozi chake mpaka waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Kipaji anacho, hilo simnyimi.

Nimempigia mama simu. Nikamwambia umo kwenye trela. Kauliza: trela la lori la nani?

Ijumaa, 13 Juni

Nimejishonea gauni la kijani. Shamsia anasema nimelibana mno kiunoni. Wivu.

Kesho!

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Mlangoni walikuwa wanauliza umri, kweli kweli, kijana mmoja karudishwa na ndevu zake tatu. Nikajiona mtu, na gauni langu.

Basi – kuna bibi anaishi peke yake mlimani. Anakula watoto. Akimla mtoto, ukungu unashuka na kuficha kijiji, na mboga zinastawi. Asipokula, jua linachoma kila kitu. Hicho ndicho kisa. Bibi kachezwa na dada mmoja wa Dar, wamempaka uso mpaka kawa mzee. Kaniki ya mama. Kiko cha mama. Macho mekundu kama ya mama, ambayo ni ya moshi wa kuni miaka yote hiyo, si ya kitu kingine. Anatemea mbegu mate, na mate ni damu.

Hayo yote nikayameza. Nikasema ni sinema.

Halafu bibi akachuchumaa mlangoni pake, akanyoosha mikono kwa mtoto. "Njoo bibi akumeze. Nianze na mashavu, kichwa nikiweke cha kesho."

Hayo ni maneno ya mama. Hakuna mtoto wa pale kwetu asiyeyajua. Kila Jumapili baada ya misa mama anachemsha njegere, anakaa mlangoni na sahani, na anawaita hivyo. Wanapiga kelele, wanakimbia, wanarudi, wanajitupa mapajani kwake. Bibi na mjukuu ni watani, ndiyo mapenzi yenyewe hayo. Mimi nimeitwa hivyo na bibi yangu, na mama kaitwa hivyo na bibi yake.

Kwenye filamu mtoto alikuja anacheka. Mlango ukafungwa. Ukumbi mzima ukapiga kelele kwa raha.

Jina langu lilitokea. Nilitamani lipite upesi.

Nje watu walikuwa wanamshika Stambuli mkono. Nikamwambia mbele yao: mtani huvaa nguo za marehemu, mama yangu yu hai. Akanishika bega. Esta, ni utani, akasema, ukinuna unatozwa faini. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Shamsia alikuja kunisimulia filamu ambayo na mimi niliitazama. Anasema hajawahi kuogopa hivyo, ataitazama tena. Nikamweleza habari ya mama. Kafikiri kidogo, kasema si afadhali, mama yako kawa maarufu. Nimeendelea kuchambua mchele.

Najipa moyo hivi: ni ya watu wazima, na Mgeta hakuna ukumbi. Mama hataiona. Wala watu wake.

Jumamosi, 21 Juni

Watoto wa mtaa huu wanacheza bibi wa ukungu. Mmoja anajifunga mtandio mweusi, wengine wanakimbia. "Njoo bibi akumeze!" Wanaipatia mpaka sauti. Nikamuuliza mmoja umeiona wapi. Kwenye simu ya kaka.

Ile namba nyekundu sijui waliiandika kwa ajili ya nani.

Jumanne, 24 Juni

Deogratias kapiga simu. Ni jirani wa mama, shamba kwa shamba. Kazunguka sana, hali ya hewa, bei ya karoti, mpaka nikamwambia sema.

Lori la mboga lilishuka na kabichi zetu, likarudi na filamu. Utingo kainunua Mikese, kwenye flashi, walipopumzika. Kibanda cha video pale sokoni wameionyesha kutwa, na mlangoni hakuna aliyeulizwa umri. Watu walikuja wakijua wataona milima yao. Waliona milima, wakaona njia, wakaona kaniki. Wakamsikia mama.

Jumapili mama kachemsha njegere, kakaa mlangoni kama kawaida yake. Hakuna aliyemwambia kitu. Rosa, mtoto wa Deogratias, alipita na mama yake wakitoka misani. Mama akanyoosha mikono. Njoo bibi akumeze. Rosa akapiga yowe mpaka akajikojolea. Mama akadhani utani umekolea, akamfuata na sahani.

"Mimi sisemi kitu, dada Esta," Deogratias kasema. "Bibi kanilea na mimi. Ila watu wanasema."

Wanasema nini? Karudi kwenye bei ya karoti. Halafu: wanauliza mbona kabichi zake haziungui na baridi na za wengine zinaungua.

Kwa sababu anaamka mapema kuzifunika na majani, mbwa nyie! Sikumwambia Deogratias hivyo. Nimeandika hapa.

Naogopa. Niiandike na hiyo. Nchi hii bibi akiwa peke yake, na macho mekundu, na shamba zuri, maneno ya uchawi yakishaanza hayamwachi. Hayaanzi na panga. Yanaanza na watu kuacha kumpa shikamoo.

Jumatano, 25 Juni

Nimempigia mama nikamwomba ashuke, akae kwangu kidogo. Kauliza kisa. Ikabidi nimwambie yote.

Kisha kasema: "Nikishuka si watasema nimekimbia? Na miche nani ataimwagilia?" Na kaburi la baba yako nani atalipalilia, kaongeza, Stambuli?

Nikasikia anataka kucheka. Hakucheka.

Alhamisi, 26 Juni

Nimemfuata Stambuli kwake. Alikuwa anasomea wageni maoni ya watu kwenye simu, watu wa Kenya, watu wa Oman, wote wanamsifu bibi. Nikawaambia wageni wale jambo lililotokea. Wakaaga.

Akavua miwani. Kasema hakufikiria. Kasema alidhani anampa mama heshima, kwamba watu watamkumbuka milele. Nikamuuliza: na bibi yako wewe, mbona hukumweka? Kasema: bibi yangu hana maneno matamu kama ya mtani wangu.

Hapo nilimkosea adabu, na simwombi radhi.

Amekubali kupanda. Atasimama mbele ya watu Jumapili, avae ile ile kaniki, awaonyeshe kwamba ni yeye, ni uongo wake, ni utani. Waluguru wa Mgeta utani wanaujua, anasema. Wakicheka yameisha. Nimemwamini, kwa sababu sina mwingine wa kumwamini.

Jumapili, 29 Juni

Naandika jikoni kwa mama. Ukungu umefunga, huoni hata mpera wa pale nje.

Misa ilipokwisha Stambuli alisimama uwanjani pa kanisa. Akajitanda kaniki, akaweka kiko mdomoni. Akawa mama. Mgongo, mguu unaoburuta, sauti, kila kitu. Hata mimi ningemwamkia. Halafu akavua, akasema: ni mimi, Stambuli, mtani wa nyumba ile, mtani wenu nyote, maneno yale niliyaiba kwa bibi yetu nikayatia uchawi wangu ili nipate jina. Bibi hana kosa. Alisema vizuri. Alikaribia kulia.

Hakuna aliyecheka.

Mzee Severini, katekista, ndiye alijibu. Kwa upole kabisa, kofia mkononi. "Tumekusikia, mwanangu. Wala hatukulaumu. Tangu zamani mtani ndiye anayetusemea yale tunayoogopa kuyasema."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Stambuli akasema hapana, mzee, ni utani. Ndiyo, akasema Severini, ni utani, tunajua. Kila alivyosema ni utani, wao wakazidi kuitikia. Nilimleta awe mtetezi, wakamfanya shahidi. Mama alikuwa amesimama karibu na kengele na rozari yake. Waliotoka walimpita upande wa pili, kwa mbali, kama watu wanaokwepa dimbwi. Wale aliowazalisha kwa mikono yake. Sitawasamehe, na nimetoka kupokea Ekaristi.

Tukarudi nyumbani. Mama alipofika akawasha moto, akabandika njegere. Nikamwambia mama, leo ziache. Kasema leo ni Jumapili.

Zimeiva. Sufuria ile ile kubwa. Mama amekaa mlangoni, sahani mapajani. Stambuli amekaa kwenye jiwe nje, anakula zake kwa kidole, moja moja, macho chini. Tumekaa hivyo mpaka mvuke umeisha kwenye sahani. Nimemwambia mama tena kuhusu Mafiga. Ni kama nimeongea na figa la jiko.

Sasa kuna mtoto anakohoa njiani. Mama kainua kichwa. Ni Rosa, kasema, kikohozi chake nakijua. Na kweli – kijigauni cha njano kimesimama kwenye ukungu, pale njia inapokata kona. Peke yake. Ametoroka kwao. Chini huko namsikia Deogratias anamwita, na sauti inapanda. Mtoto hageuki. Haji wala harudi. Anaitazama sahani.

Stambuli ameacha kutafuna.

Mama amenyoosha mikono. Amefungua mdomo, akaufunga. Amefungua tena. Amenigeukia mimi. Mama yangu, mwenye maneno, ananiuliza kwa sauti ndogo amwiteje.