Ng'ombe wa Masika Hakuchinjwa

Jumatatu, 9 Juni
Chanjo ya mbuzi tangu asubuhi. Mateke matatu. Saa nane nikaitwa kwa mama Masika, njia ya Beni. Ng'ombe wake aliteleza mtaroni, paja limevunjika, mfupa uko nje. Shemeji yake Paluku, mchinjaji, alikuwa ameshanoa kisu. Masika akakataa kisu. Maziwa ya ng'ombe huyo yalisomesha watoto wake.

Nikatoa chupa yangu ya mwisho ya pentobarbital, dawa ya usingizi. Kidogo hulaza. Nyingi huzima ubongo kwanza, kisha pumzi, kisha moyo. Dakika mbili tu. Masika akauliza kama ameumia. Nikamwambia amelala tu. Nikaagiza azikwe, nikaondoka. Paluku alinitazama kana kwamba nimemwibia.

Jumanne, 10 Juni, asubuhi
Paluku anatangaza mtaani kwamba nimetupa nyama ya familia kwa kiburi cha shule. Mjinga. Simpendi hata kidogo.

Lakini nilisema azikwe, sikusema kwa nini. Nilimwonea huruma mama anayelia, nikameza neno sumu. Nitapanda mchana nikawaambie.

Jumanne, saa kumi
Nimechelewa. Shimo la ng'ombe limefukuliwa, sufuria kubwa ya nyama motoni uani kwa Paluku, watoto wamekaa na sahani. Mbwa wake wawili walitupiwa mabaki. Mmoja alikuwa ameshakufa, wa pili anakoroma.

Nikapindua sufuria kwa teke. Paluku akanishika shingo.

"Ulisema inalala tu! Moto itamaliza hiyo dawa."

"Moto haimalize hiyo dawa, Paluku. Nani amekula?"

Watoto, bado. Akaniachia polepole. Maini alikuwa ameyala yeye mwenyewe, peke yake, kama saa moja kabla. Ulimi wake ulikuwa mzito tayari. Tukampakia kwenye pikipiki kwenda hospitali, jirani akiendesha, mimi nyuma nikimshikilia, nikimtukana njia nzima ili asilale. Nilikuwa na hasira naye na hasira na mimi.

Jumatano, 11 Juni
Paluku amefungua macho hospitalini saa sita mchana. Aliuliza kuhusu watoto, kisha akageukia ukutani. Hakunisalimu. Sawa.

Nimepanda kwa Masika na chokaa. Nimechimba shimo jipya, refu kuliko mimi, nikaweka humo nyama yote na mbwa, chokaa juu. Nikamweleza yote, dawa inavyofanya kazi na inavyobaki ndani ya nyama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kama uliniambia ile ni sumu," akasema, "ningeacha Paluku aichinje."

Akachukua jembe, akaanza kufukia.