Kanga Nyekundu Ng'ambo ya Mto

Ruaha, Jumanne jioni, masika ya 1974

Gundi ya kiraka bado inanata. Nimeibonyeza tena leo, kidole kikazama kama kwenye ugali usioiva.

Kosa ni langu. Boti hii ya faiba iliachwa na bwana wa shamba la katani, ikalala juani miaka hadi rangi yake ngumu ya juu ikapauka na kupasuka kama kisigino. Nilizichimbua nyufa, nikapiga msasa mpaka bluu ya zamani ikatokea. Vizuri kabisa. Halafu kwenye gundi ya kuzibia nikatia dawa ya kugandisha kiduchu tu, nikiibania kama sukari ya duka la kijiji.

Mzee Matei, fundi wetu wa karakana, hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri. "Ungetia yote! Unamwekea nani?"

Mke wangu Rehema alivuka mto kwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Tulipatana kwamba akishazaa, watundike kanga yake nyekundu ukingoni. Kisha mto ukajaa, ukauchukua mtumbwi wetu.

Leo kanga ipo. Nimeitazama hadi giza likaifuta. Wa kiume? Wa kike? Na Rehema mwenyewe, je...

Siwezi kuishusha boti majini na kiraka kibichi. Alama ya kidole changu imebaki pale. Ikigandia hivyo hivyo, siipigi msasa. Mwanangu ataikuta, aone baba yake alivyokuwa na haraka ya kumfikia.