Mizunguko Minne ya Nati

Norsborg, Jumamosi, Mei 1976

Jua limewaka tangu alfajiri na halina joto la kukaushia hata leso. Sasa ni saa mbili usiku na bado linachungulia dirishani kama mgeni asiyejua kuaga. Nimekaa jikoni, mlango nimeufunga. Kaka Hamza yuko sebuleni anapiga pasi shati lake la kesho huku akipiga mluzi. Mluzi huo ndio unaonichoma zaidi.

Kesho anakwenda kwenye mashindano ya magari, na mimi sina amani.

Niandike tangu mwanzo, labda nikiyaona kwenye karatasi nitajua la kufanya. Kaka yangu ana gari la Kimarekani, la milango miwili, injini ya silinda nane, boneti refu kuliko jiko hili. Alilinunua likiwa bovu, akalifufua na wenzake katika banda walilopanga kule Jordbro, karibu na ghala anakofanya kazi. Kesho wanalipeleka kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena, kaskazini ya mji. Huko magari mawili hupangwa sambamba, taa ikiwaka yanachomoka, na kabla hujapiga chafya mara mbili mchezo umekwisha. Watu wazima na akili zao wanasafiri nusu siku kwa ajili ya hilo.

Pale bandani wanamwita fundi. Mwenye banda ni Lennart, Mswidi wa ndevu nyekundu na roho nzuri, naye ndiye anayemwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Hamza aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba amekulia katika gereji ya baba yake, Tanga. Ni kweli baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na gereji. Ni kweli pia nyumba yetu ilikuwa nyuma ya gereji hiyo. Lakini aliyekuwa chini ya magari ni mimi. Kaka alikuwa ndani anasoma, kwa sababu yeye ndiye aliyetarajiwa kufika mbali. Mimi nilimpa baba spana, nikamshikia taa, nikafunga nati, mpaka nilipovunja ungo na shangazi akasema basi.

Siri hiyo nimeitunza. Mwaka mzima sasa, kila Ijumaa baada ya kula, Kaka hubaki hapa mezani na kuuliza kama mtu anayekumbuka tu mambo ya zamani: hivi baba alikuwa anafanyaje breki zikivuta upande mmoja? Namweleza. Jumamosi namsikia akiwaeleza wenzake kwa Kiswidi, neno kwa neno, mkono mmoja kiunoni kama baba. Mimi niko pembeni na chupa ya kahawa.

Nilikuwa najiambia kwamba jambo hili haliniudhi.

Linaniudhi.

Majira ya baridi yaliyopita alipatwa na wazimu wa matairi. Alitaka ya mashindano hasa, mapana nyuma na membamba mbele. Alipoyaleta ya nyuma nikakuta hayana kashata, yale meno ya tairi, hata moja. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu tairi kipara ni aibu, trafiki akikuona umekwisha, na huku vipara vinanunuliwa vikiwa vipya na kubebwa mikononi kama watoto. Akanieleza kwamba mpira wake ni laini sana, ukipata moto unanata kwenye lami, na gari halipotezi nguvu kwa kuteleza. Hapo nikaacha kucheka, maana maneno hayo yalikuwa na akili.

Rimu za kuvalisha matairi hayo hazichaguliwi kwa macho. Nilimfundisha hapa hapa mezani, kwa sahani na droo ya kabati. Sahani ndiyo gurudumu, droo ndiyo nafasi yake chini ya bodi. Ikiingia ndani mno inakwaruza springi, ikitoka nje mno inakula madigadi. Nikamwambia asipime gari likiwa kwenye jeki, kwa sababu ekseli inaning'inia na nafasi inakudanganya. Apime likiwa chini limekalia uzito wake, na watu wawili wanene wamekaa nyuma. Alirudi na vipimo kwenye karatasi, tukavihakiki mara tatu. Rimu alizozipata ni za alumini, zinang'aa mpaka unaweza kujitazamia. Matundu matano kwa boliti tano, na upana sawasawa na vipimo vyetu. Siku hiyo nilijisifu moyoni, sikatai.

Kitu kimoja sikuuliza. Rimu zote nilizozishika kwa baba zilikuwa za chuma, na chuma ni chembamba pale kinapokalia boliti. Ya alumini sikuwahi kuigusa maishani mwangu. Sikujua kwamba katikati yake ni nene kama mkate, na kwamba unene huo unameza urefu wa boliti.

Leo nimejua.

Nilitoka zamu yangu ya asubuhi hospitalini Flemingsberg, ninakosaidia wauguzi, nikaenda moja kwa moja Jordbro na kikapu cha kahawa na mikate ya mdalasini. Gari lilikuwa limeinuliwa, rimu mpya ndiyo kwanza zinapachikwa. Hamza alikuwa anawaonyesha wenzake kitu kwenye injini. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limetundikwa bila kufungwa, na nati zake zilikuwa ndani ya kikopo sakafuni. Mikono yangu ilifika pale kabla yangu. Niliweka kikapu chini nikaanza kuzifunga kwa vidole.

Baba alinifundisha kuhesabu. Kila nati, tangu inaposhika jino la kwanza la boliti mpaka inapogota, mizunguko yake ihesabiwe kwa sauti. Ikigota kabla ya minane, gari halitoki gerejini, hata mwenye gari awe mkuu wa mkoa. Leo nati ya kwanza imegota kwenye mzunguko wa nne. Ya pili, minne. Nikaenda upande wa kulia nikajaribu huko nako. Minne.

Gari la kwendea sokoni lingejikongoja hivyo siku kadhaa. Hili lakini linaondoka kwa kishindo, vipara vimeng'ang'ania lami, na nguvu zote za injini ile zinapita kwenye boliti zilizoshikwa kwa ncha tu. Gurudumu likichomoka kwa mwendo ule, sitaki kuandika kitakachompata aliyekaa ndani.

Nilimsogelea nikamwambia kwa Kiswahili, sauti ya chini, ili nisimfedheheshe.

“Kaka, nati hazijashika. Ni minne tu.”

Lennart akauliza nimesema nini. Hamza akamjibu kwa Kiswidi, bila kunitazama.

“Anasema kahawa inapoa.”

Wakacheka kwa upole, wakafuta mikono, wakaja kukaa. Nami nikafungua chupa.

Niliwamiminia kahawa.

Kiswidi ninakijua. Kutwa nzima nazungumza na wagonjwa, nawaeleza dawa, nawabembeleza, nagombana nao pia. Ningeweza kumwambia Lennart pale pale, kwa maneno machache. Ndani ya basi nilijaribu kujishawishi kwamba niliyoifanya ni heshima, kwamba kaka mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Heshima ilikuwepo, ndiyo. Lakini kulikuwa na kingine, na sina wa kumwambia ila daftari hili. Nilifurahi. Kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa nilitamani nati zile zimuumbue, wote wajue fundi ni nani. Nilimtazama ndugu yangu wa tumbo moja akitafuna mkate wa mdalasini, nikawaza hivyo.

Astaghfirullah.

Amerudi saa kumi na mbili, nimempakulia wali na samaki. Sikuzunguka. Nimemwambia tena kuhusu nati, safari hii kwa sauti yangu ya kawaida. Nilitegemea atakasirika au atanicheka. Ameweka kijiko chini.

“Nimehesabu na mimi, Mwana. Jana, nilipoijaribu moja.”

Mwana ndivyo anavyofupisha jina langu, Mwanaidi, akiwa na jambo zito. Sikumwelewa. Kaka hakuwahi kufunga nati hata moja kwa baba, hayo ya kuhesabu ameyajulia wapi? Ndipo akaniambia. Chumba chake cha kusomea kilikuwa na dirisha upande wa gereji. Vitabu vikimshinda alikuwa anaweka kichwa mezani na kunisikiliza nikihesabu, moja mpaka nane, nati baada ya nati. Nikifika nane, baba alikuwa anasema “haya”, na Kaka alikuwa anaisema naye kimyakimya kule ndani. Alitamani atoke aje tuhesabu wote, lakini angechapwa.

Nimelia pale pale juu ya wali. Miaka yote hii nilidhani yeye ndiye aliyependelewa.

Halafu nikapandwa na hasira. Kama anajua, gari linatokaje kesho? Boliti ndefu hazipatikani Jumamosi jioni, hilo naelewa. Lakini rimu za chuma za zamani ziko bandani, zimeegemezwa ukutani na matairi yake ya kawaida. Ni kazi ya nusu saa kuzirudisha. Gari lingekimbia polepole kidogo, basi, dunia isingesimama.

Akasema siyo polepole inayomtisha. Akizirudisha itabidi aeleze kwa nini, na fundi aliyekulia gerejini hakosei urefu wa boliti. Kesho jina lake litatangazwa kwenye kipaza sauti, dereva na fundi. Miaka saba yuko nchi hii, chuo kilimshinda, na nyumbani hajawahi kuwaandikia kwamba kilimshinda. Pale bandani ndipo mahali pekee watu wanaposimama kumsikiliza. Akaniahidi kwamba ataondoka taratibu, hatakanyaga mafuta sana.

“Usiseme kitu. Nakuomba.”

Hatakanyaga sana! Mtu aliyeisubiri taa ile mwaka mzima, anayekanyaga sakafu hata akiwa amekaa kwenye treni. Mimi namjua. Taa ikiwaka, na gari la pembeni likichomoka, hatakumbuka ahadi wala dada.

Nimekusanya vyombo tu. Ameuchukua ukimya wangu kuwa ndiyo, kwa sababu miaka yote ukimya wangu umekuwa ndiyo. Na sasa anapiga mluzi.

Je, nikimwachia heshima yake leo, nitamzika nayo kesho?

Wanapakia gari kwenye trela saa tatu asubuhi. Nitatoka hapa kabla hajaamka. Nitamwambia Lennart kwa Kiswidi, mbele ya wote, kwamba rimu ni nene na boliti ni fupi, na nitamshika mkono ahesabu mwenyewe kwa vidole vyake. Nitasema vipimo nilivipanga mimi, na kosa la kutouliza unene ni langu. Wataelewa yaliyobaki, hawa si wajinga. Kaka atasusa kula chakula changu. Labda hatazungumza nami mpaka theluji irudi. Na asizungumze, maadamu yupo wa kuninunia.

Mluzi umekoma. Nimesikia akizima pasi na kwenda kulala mapema, jua likiwa bado lipo.

Saa ya kengele nimeifunga ndani ya kanga na kuiweka chini ya mto, nisimwamshe. Chupa ya kahawa nimeiosha, nimeisimamisha sebuleni karibu na shati lake. Kesho ataibeba mwenyewe.